Kuku Asiye na Firigisi

Miaka ya tisini, mjini Kakamega, nilikuwa mwanamke pekee katika kituo cha walimu chenye kompyuta moja na wakubwa wengi. Nilitengeneza masomo ya kwenye skrini: picha, sauti na michoro inayotembea. Mkuu wa kituo aliniita "msichana wa video". Kandarasi yangu ilikuwa inaisha mwezi huo. Mkaguzi wa elimu akilikubali somo langu, ningeajiriwa kabisa. Akilikataa, ningerudi Matungu kupalilia miwa ya baba, na jembe halina kibodi.

Somo lenyewe lilikuwa safari ya chakula ndani ya kuku. Nilichora punje ya mahindi. Ukibonyeza kitufe inasonga kutoka mdomoni, na kila inapofika panatokea picha ya kiungo halisi. Viungo halisi vilihitaji kuku halisi, na bajeti ilikuwa na jogoo mmoja tu.

Siku moja kabla ya mkaguzi kufika, mpishi wa kituo alimchinja na kumpasua, nami nikapiga picha: umio, kifuko cha shingoni, tumbo. Betri ya kamera ikaisha, nikaenda kuichaji. Niliporudi, utumbo ulikuwepo, firigisi haipo.

"Imondo tunapeanga mkubwa, madam," mpishi alinieleza kwa upole, akiitaja firigisi kwa Kiluhya. "Imeshapikwa."

Nilikimbia ofisini. Mkuu wa kituo alikuwa akitafuna. Aliinua kidole nisubiri, akameza, kisha akauliza kama somo limekamilika.

Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Kwetu firigisi ni ya baba. Mwanamke huipika na kuionja kwa pua tu. Mwenye nguvu mpishe, wahenga walisema, lakini hawakusema umpe na somo la sayansi.

Kesho yake, mbele ya mkaguzi na wanafunzi wa shule jirani, punje yangu ilitoka tumboni, ikaruka pengo jeusi, ikatua utumboni ikiwa imesagwa tayari. Mkaguzi akavua miwani.

"Imesagiwa wapi?" akaliuliza darasa.

Mwanafunzi mmoja wa kike akasimama. "Kwa firigisi, sir."

"Na firigisi iko wapi?"

Msichana akaitazama skrini, akaitazama tena. "Nyumbani inakuwanga kwa baba. Hapa sijui mkubwa ni nani."

Mkaguzi alimgeukia mkuu wa kituo, ambaye ghafla alikuwa akitafuta kitu mfukoni. Mkaguzi akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akaandika kwamba somo limezingatia mazingira ya mwanafunzi. Niliajiriwa.

Mshahara wangu wa kwanza wa kudumu ulipotoka, nilinunua jogoo soko la Mayoni. Nilimpasua mwenyewe, betri ikiwa imejaa, nikaipiga picha firigisi kutoka kila upande. Kisha nikaikaanga, nikaketi, nikaila yote peke yangu. Ilikuwa ngumu, na haikuwa na utamu wa kustahili kufichwa wanawake miaka yote hiyo.