Programu yangu ilimruka Doto akiwa bado chini shimoni

Kosa ni langu. Watu wamemlaumu mwasha baruti mpaka akahama, nami nimekaa kimya hapa Kalangalala kama mtu asiyejua kitu. Ila kutulia siwezi. Mtu akibamiza mlango tu, moyo unanipasuka.

Mimi huandika programu za kompyuta. Mwenye duara moja, yaani shimo la kuchimba dhahabu, upande wa Bugarama alitaka ya kumwonyesha nani bado yuko chini kabla ya kulipua mwamba. Siku zote mwasha baruti alikuwa akisimama mdomoni mwa duara na kuita majina, kila mtu anaitika. Nikasema huo ni ushamba. Nikawapa kadi: unaigusisha kwenye kifaa cha mdomoni mwa duara ukishuka, unaigusisha tena ukitoka. Kabla ya kulipua, programu inapitia majina moja moja. Aliyetoka inamfuta, aliyebaki inamwonyesha kwenye simu ya mwasha baruti kwa rangi nyekundu.

Sasa nisikilize, ndipo nilipoharibu. Nilifuta majina huku bado nayapitia. Ukilifuta la kwanza, la pili linasogea kukaa nafasi yake. Programu haina habari, inakwenda zake nafasi ya pili. Yule aliyesogea haulizwi kabisa.

Siku hiyo walishuka mapacha, Kulwa na Doto, wakifuatana kama kawaida yao. Kulwa akatoka. Doto, kabla hajagusisha kadi ya kutoka, akarudi ndani kufuata nyundo. Programu ikamfuta Kulwa, ikamruka Doto, na simu haikuonyesha jina lolote. Utambi ukawashwa.

"Doto katoka?" Kulwa akamuuliza mwasha baruti.

"Simu inasema hakuna mtu."

"Mimi nakuuliza wewe. Umemwona?"

Kabla hajajibiwa, baruti ikalipuka.

Walimfukua akiwa hai, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini hasikii tena, na mguu mmoja haukunyooka. Nilipokwenda kumwona, nilimwamkia mama yao shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Asante kwa kuja. Huyo wa baruti hata hajakanyaga hapa."

Nikanywa uji wake. Nikaaga. Jamani, nilijiona mchafu!

Na bado sijasema lote. Kabla ya kuwakabidhi programu, niliijaribu chumbani kwangu kwa majina matatu ya kubuni. Wa kwanza nilimweka ametoka, wengine wako chini. Likaja jina la tatu peke yake. La pili halikuonekana, na nililiona pengo hilo kwa macho yangu. Nikasema itakuwa mtandao. Njaa ilikuwa inauma, nikafunga kompyuta nikaenda kula.

Wewe unayejifunza kazi hii, usifute kitu kwenye orodha huku unaipitia. Tengeneza nakala, pitia hiyo nakala, ufute kule kwingine. Na ukiona jina moja limerukwa, hata kama ni la kubuni, usiinuke kwenye kiti. Mimi niliinuka, na Doto ndiye aliyelipa.