Mpira Ulikwenda Mbele

Refa alipofuta trai yetu katika dakika ya mwisho, nilipiga ukelele ambao sikujua kama ninao. Ilikuwa Jumamosi, inakaribia saa kumi na mbili jioni, na nilikuwa peke yangu sebuleni kwangu Kiseke. Madirisha yote yalikuwa wazi kwa sababu Julai upepo wa ziwa hupanda mpaka kwenye mawe yetu ya juu na mtu mwenye akili haufungii nje.

Nieleze kwanza, maana hapa Mwanza nimekwisha zoea kueleza. Trai ni pale mchezaji wa raga anapoufikisha mpira nyuma ya mstari wa mwisho na kuugusisha chini. Mpira hupasiwa kwa mikono, na hupasiwa kurudi nyuma tu. Ukienda mbele, ni kosa. Timu ya taifa ya Afrika Kusini ilikuwa nyuma kwa pointi mbili dhidi ya wageni kutoka Ulaya. Winga wetu akapokea mpira pembeni, akakimbia, akafunga. Uwanja mzima ukasimama. Refa akaweka kidole sikioni, akasikiliza wenzake wanaotazama video, akachora mstatili hewani, kisha akatangaza: pasi ilikwenda mbele, hakuna trai. Mpira ukaisha. Tukawa tumefungwa.

Nasema "tumefungwa" kwa haki. Nimeishi Afrika Kusini miaka kumi na minne. Niliingia na begi moja, nikalala kwenye chumba cha watu saba, nikafagia karakana ya majokofu kabla sijaruhusiwa kushika hata bisibisi. Nilirudi na stashahada ya ufundi wa majokofu na viyoyozi, ambayo imo kwenye fremu ukutani, na sikuipata kwa kujuana na mtu. Nyumba hii nimeijenga mwenyewe. Vyumba vya baridi vya samaki pale Pasiansi, vikigoma, simu inayolia ni yangu. Mafundi wote niliofanya nao kazi kule walikuwa watu wa raga, na mimi sikuwa mtu wa kukaa pembeni wenzangu wakizungumza. Nilijifunza sheria zote. Nilizijua kuliko waliozaliwa nazo, na wao wenyewe walikiri.

Basi nilipiga ukelele. Mrefu, wa kupanda na kushuka, mkono mdomoni. Nikapiga na wa pili.

Kabla sijakaa, geti lilikuwa linagongwa kwa fimbo. Nilipofungua niliwakuta watu kumi na kitu. Mmoja alikuwa na panga, mwingine na mchi wa kinu. Mbele yao alisimama jirani yangu wa upande wa juu, mzee wa Kisukuma ambaye kijijini kwake Misungwi aliwahi kuwa kamanda wa sungusungu, wale walinzi wa jadi. Alikuwa anahema.

"Yuko wapi?"

"Nani, Mzee?"

"Mwizi."

"Hakuna mwizi, Mzee. Ni refa."

Mzee akachungulia nyuma yangu. "Refa yuko wapi?"

"Pretoria."

Mzee akashusha fimbo. Kisha mama mmoja mwenye mchi akacheka mpaka akaegemea ukuta wangu. "Jamani, Nshomile kampigia mwano refa wa Pretoria! Alitaka twende na hii michi mpaka huko?"

Nshomile ndivyo wanavyoniita. Ni neno letu Wahaya, maana yake "nimesoma", na watani wetu wamelifanya jina la kila Mhaya anayejua thamani yake. Silichukii.

Lakini mwano si kitu cha kuchezea. Ndio ukelele wa Wasukuma wa kuomba msaada, na mtu akiusikia haruhusiwi kubaki ndani, hata kama yuko mezani. Mimi nilikuwa nimeupiga sawasawa, mara mbili, bila kujua nafanya nini. Mzee aliwaangalia wenzake, akatingisha kichwa.

"Kijana, anayepiga mwano wa bure anawalisha waliokuja. Hiyo haina mjadala."

"Mzee, mbuzi mmoja atatosha?"

"Atatosha kama ni mkubwa."

Nilifunga geti nikiwa na furaha ambayo ningeona aibu kumwambia mtu. Mama watoto alibaki Johannesburg na kazi yake ya uuguzi. Tulikubaliana atakuja nikimaliza kujenga, na huu ni mwaka wa nne tangu nimalize. Watoto wamekua, wanapiga simu Jumapili. Nina makochi ya watu tisa na runinga inayoonekana mpaka barabarani, na katika miaka hiyo minne sikuwahi kutazama mechi na mtu. Timu za mpira wa miguu zikifungwa hapa kwetu, aliyefungwa hapumui. Asubuhi fundi viatu anamuuliza kama msiba una ratiba, bodaboda wanampa pole, shemeji anamtumia picha ya jeneza. Mimi timu yangu ilifungwa kwa uonevu, nikatoka Jumapili nimejiandaa na majibu, na hakuna aliyenitania ila kwa ule ukelele. Matokeo yenyewe hakuna aliyeyajua. Kwenye simu, kundi la mafundi wenzangu wa zamani lilikuwa linawaka moto: refa kipofu, refa kanunuliwa, wakirudia kipande kile cha video kila saa. Niliandika maelezo marefu ya kisheria. Mmoja akaniwekea dole gumba. Wakaendelea kubishana kuhusu mahali watakapochoma nyama mechi ijayo.

Mechi zilikuwa tatu, kila Jumamosi moja. Kwa ya pili nilinunua beberu aliyewanyamazisha wote. Nilitaka kitu kimoja tu, na nitakisema wazi: nilitaka mtu mmoja wa Kiseke aione ile pasi, aseme tulionewa.

Walikuja wote. Walikaa mpaka kwenye vigae, wakala, wakauliza maswali.

"Sasa hawa wanataka kwenda mbele, mbona wanapasiana nyuma?"

"Ndiyo sheria, mama."

"Na hao walioinamiana vichwa, wamedondosha nini?"

"Hiyo ni skramu. Wanagombea mpira."

"Mpira wenyewe umechongoka kama yai la bata. Hata mimi ningeukimbia."

"Na refa huyu anaongea na nani muda wote?"

"Ana kipaza sauti. Anaongea na wenzake wa video."

"Aa, anapiga simu kwa mkubwa wake. Kumbe naye ana bosi!"

Nilicheka nao. Nilisimama mbele ya runinga na fimbo ya pazia nikawafundisha kuotea, kukaba, na mstari wa faida, ule ambao timu ikiuvuka inahesabika imesonga mbele. Nilieleza vizuri; sijui mtu mwingine Mwanza ambaye angeeleza vile. Ila nilipogeuka katikati ya maelezo ya kukaba niliona mbuzi amekwisha, na mbuzi alipokwisha, kwao mechi nayo ilikuwa imekwisha. Mmoja alikumbuka kuku hajafungiwa. Mwingine alikuwa na kikao cha harusi. "Wabeja, Nshomile, wabeja sana," wakanishukuru kwa Kisukuma. Wakati wa mapumziko tulibaki wawili, mimi na Mzee.

Mzee hakuwa ameuliza swali hata moja. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, mikono juu ya fimbo, anatazama kama mtu anayetazama ng'ombe wa kununua.

"Mzee, ngoja nikuonyeshe tulivyoibiwa wiki iliyopita."

Nikampa simu. Aliishika mbali na macho, akaiangalia video. Akasema irudie. Nikairudia. Akasema tena. Mara ya tatu alinirudishia.

"Mpira umekwenda mbele," alisema.

"Hapana, Mzee. Unaonekana hivyo. Sheria inaangalia mikono. Mtu anakimbia kwa kasi, mikono inatupa nyuma, lakini kasi ya mwili inaubeba mpira mbele. Ni fizikia."

"Ulitoka hapa, ukapokewa pale. Pale ni mbele."

"Mikono, Mzee. Mikono ilielekea nyuma."

"Mimi nimechunga. Ng'ombe akiingia shamba la mtu, mwenye shamba haulizi kwato zilielekea wapi. Anauliza ng'ombe yuko wapi."

Alisema kwa upole, hata akatabasamu, kama mtu anayekusogezea kiti. Leo ninaona kwamba ule ndio ulikuwa mjadala niliokuwa nautafuta miaka minne. Mtu alikuwa ameitazama video mara tatu, akafikiri, akatoa hoja yake. Wenzangu kwenye kundi hawakuwahi kunipa hata nusu ya heshima hiyo. Ningemjibu kwa mfano mwingine wa ng'ombe, tungebishana mpaka giza liingie, na Jumamosi inayofuata angerudi kumalizia.

Badala yake nilisimama, nikanyoosha kidole kwenye fremu ukutani.

"Mzee, usiniletee ng'ombe. Haya mambo yanataka shule. Wewe hukusoma."

Aliiangalia stashahada yangu. Aliiangalia kwa muda, kwa adabu, kama aliyeambiwa aisome.

"Kweli," alisema. "Sikusoma."

Akainuka kwa kuegemea fimbo. Mlangoni aligeuka. "Mbuzi wako alikuwa mzuri, kijana. Hukutupunja."

Kipindi cha pili tulishinda, na kwa pointi nyingi. Siwezi kukumbuka nani alifunga.

Kila asubuhi Mzee alikuwa na desturi ya kupita getini kwangu akienda kuchukua maziwa. Mimi nilikuwa nawasha gari, nasema shikamoo, yeye anasema marahaba, majokofu yameamkaje, nasema yameamka baridi, tunacheka. Jumatatu hakupita. Jumanne niliona kofia yake ikishuka kwa njia ya chini, ile ya mawe, ambayo kwa magoti yake si njia. Jumatano sikumwona kabisa. Kazini Pasiansi nilifungua kompresa moja mara mbili bila sababu, nikampigia kelele fundi wangu kwa kosa ambalo lilikuwa langu.

Usiku sikuitazama tena ile pasi kama shabiki. Niliipunguza kasi, nikaisimamisha, nikaweka rula juu ya kioo cha simu. Mikono ya yule mchezaji haikuelekea nyuma. Ilielekea pembeni, na vidole vikamalizia mbele. Nadhani nilijua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimepiga ukelele haraka mno ili nisijue.

Jumamosi ya tatu, ile ya kuamua, nilioga mapema, nikavaa shati lililopigwa pasi, nikapanda kwa Mzee kabla mechi haijaanza. Njiani nilipanga maneno. Mtu wa kwetu haombi radhi kwa sentensi moja. Nilipanga kuanza na habari za familia, nipite kwenye hali ya hewa, nifike kwenye mpira, niseme: Mzee, nimepima kwa rula, ulikuwa sahihi. Kisha nimwambie tushuke, chai iko kwenye chupa.

Mke wake alikuwa anapepeta mchele uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Umependeza, unaenda kanisani Jumamosi?"

"Hapana, mama. Nimemfuata Mzee, kuna mechi."

Akaacha kupepeta. "Mzee si ameenda Misungwi tangu Alhamisi? Amekwenda kwenye ng'ombe wake. Atakaa huko mpaka mvua."

"Mpaka mvua?"

"Ndivyo alivyosema." Akanitazama. "Hakukuaga?"

Nikasema nilikuwa na kazi nyingi wiki ile, labda alipita sikuwepo. Yeye akasema labda. Tukaongea juu ya bei ya mchele. Hakuniuliza nina shida gani na mumewe, na alivyorudia kupepeta nilielewa kwamba hahitaji kuuliza. Nikamwomba namba ya simu. Akasema Mzee simu ameiacha kwenye kabati, huwa haendi nayo kwa ng'ombe.

Nikarudi. Nilikaa katikati ya kochi la watu watatu, nikatazama mechi yote bila kusimama. Ilikuwa mechi kubwa. Dakika za mwisho tukiwa nyuma kwa pointi nne, winga wetu alipita pembeni kabisa, akaruka, akafunga kwenye kona. Refa akainua mkono bila kumuuliza mtu. Trai. Tulishinda mechi, tukachukua na kombe.

Kamera ilirudia mara moja tu, haraka, kabla ya kuhamia kwa mashabiki. Kisigino cha winga kilikuwa kimekanyaga chokaa ya mstari wa pembeni. Vumbi jeupe liliruka. Alikuwa nje.

Simu ilianza kutetemeka juu ya meza. Kundi zima lilikuwa linaimba, picha za nyama, picha za watu waliokumbatiana, na mtu mmoja akaandika kwamba refa wa leo ndiye refa bora duniani. Hakuna hata mmoja aliyetaja kisigino. Niliandika: "Alikanyaga mstari." Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena.

Nje jua lilikuwa bado liko juu ya ziwa. Nikamimina chai vikombe viwili bila kufikiri, nikakinywa changu. Nikasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayezungumza na aliyekaa karibu, "Alikuwa nje, huyu." Nikangoja kidogo. Kisha nikashika mwenyewe upande wa pili wa ubishi, nikajaribu kubisha, na sikupata hoja hata moja.