Mpeleka Barua Hahami Bila Mbwa Wake

Kwa miaka thelathini na minne yule mzee alipeleka barua kwa baiskeli, na miaka yote hiyo mbwa walimng'ata miguu. Alikuwa na makovu saba, na kila kovu alijua lilitoka kwenye geti la nani. Kwa hiyo alipostaafu na kurudi nyumbani na kijibwa alichookota nyuma ya posta, binti yake msusi alidhani baba amerukwa na akili.

"Nimewakimbia maisha yangu yote," mzee alimjibu. "Sasa nataka mmoja awe upande wangu."

Akamwita Stempu.

Stempu alikuwa na miaka kumi na mmoja moyo wa mzee ulipoanza kugoma. Miguu ilivimba, pumzi ikawa ya kuokoteza, kwenda chooni ikawa safari. Akalazwa wiki tatu. Daktari hakuumauma maneno.

"Moyo umechoka, na hautapona. Kilichobaki ni kumpunguzia shida. Nani atakaa naye?"

Kaka mkubwa, msimamizi wa ghala, alikuwa na jibu mfukoni. "Anakuja kwangu, ghorofa ya tatu. Mbwa hawaruhusiwi pale, lakini nimeshampatia mtu wa kumchukua."

"Mbwa umempatia mtu," mzee alisema kutoka kitandani, akihema kila baada ya maneno mawili. "Na mimi umenipatia nani?"

"Baba, yule ni mbwa tu."

"Na mimi ni mzee tu. Narudi kwangu."

Msusi hakuwa amepanga kusema kitu. Yeye ndiye kitinda mimba, aliyezoea kukatwa kauli. Lakini aliona baba amekunja ngumi juu ya shuka, ngumi iliyojaa alama za sindano, akajikuta anasema, "Nitakaa naye mimi. Yeye na Stempu wake."

Kaka alicheka. "Wewe? Utamnyanyua kwa kitana?"

Alihamia kwa baba wiki hiyohiyo. Muuguzi anayetembelea wagonjwa majumbani akamfundisha kumgeuza mtu mzima bila kujivunja mgongo, kumpima uzito kila asubuhi, kupunguza chumvi, na kujua ni dalili gani hazisubiri. Kitanda kikaletwa sebuleni, dirishani. Zulia likaondolewa mzee asijikwae, na bakuli la Stempu likasogezwa ukutani kwa sababu hiyohiyo.

Ila mbwa naye alihitaji kutembezwa mara mbili kwa siku, na saa hizo msusi alikuwa saluni. Akabandika karatasi kwenye kioo: "Natafuta wa kumtembeza mbwa wa baba. Haumi. Meno yenyewe hana." Wateja walicheka mpaka wakatingisha vichwa alivyokuwa anasuka. Halafu mmoja wao, mwalimu mstaafu, akachukua zamu ya asubuhi. Muuza nyama wa jirani akachukua ya jioni, na Stempu hakulalamika hata kidogo.

Jumamosi moja mwalimu alipiga simu. "Njoo upesi. Kaka yako yuko hapa, na amekuja na kamba."

Msusi alimwacha mteja kichwa nusu kimesukwa, akakimbia. Alimkuta baba ameketi kwenye kiti katikati ya mlango, miguu iliyovimba imezuia njia, midomo imebadilika rangi, Stempu nyuma yake. Kaka alikuwa amesimama nje jasho likimtoka.

"Mwambie baba asogee," kaka alisema.

"Hasogei mtu," msusi alijibu, na sauti yake ilimshangaza yeye mwenyewe. "Ukitaka kusaidia, njoo Jumapili umwogeshe. Kama hutaki, njia unaijua."

Kaka aliitazama kamba. Aliposema tena, sauti ilikuwa imepungua. "Akifia hapa watu watasema nimemtelekeza."

"Waambie mimi ndiye niliyekufukuza," mzee alisema. "Wananijua, wataamini."

Mwalimu aliangua kicheko, akajiziba mdomo. Kaka akaondoka bila kuaga. Jumapili alirudi, mikono ya shati ameikunja, na alikuwa hajui hata dodoki linashikwaje. Baba alimwelekeza kwa ukali kama anayemfundisha kazi kijana mgeni wa posta. Tangu hapo Jumapili zikawa zake.

Mzee aliishi miezi saba, mingi kuliko daktari alivyotegemea. Miwili ya mwisho ilikuwa migumu, na msusi alilia mara nyingi bafuni bomba likiwa wazi. Baba alifariki asubuhi, chai bado ya moto, mkono wake mgongoni kwa Stempu.

Baada ya mazishi shangazi mmoja aliuliza mbwa anaondolewa lini. Msusi aliinama akamjazia Stempu bakuli la maji. Jumatatu alimpeleka saluni, akamtandikia gunia chini ya mashine ya kukaushia nywele. Mteja mmoja alikunja pua, akasema hawezi kusukwa mahali penye mbwa.

"Basi dada, saluni ziko nyingi," msusi alimwambia, akichomeka waya wa mashine. "Anayefuata!"