Mgao wa Beseni Moja

Nafanya kazi katika kituo cha serikali kinachofanyia jeshi utafiti, na watu wakisikia hivyo hudhani natengeneza mabomu. Mimi napika. Kwa muda mrefu nilihangaika na unga wa muhogo wa Dadamu, ufuta wa Logiri na samaki mkavu, nikitafuta chakula ambacho askari atabeba mkobani, akimwagie maji ya moto, ashibe. Wakubwa wangu walichoka. Walisema jaribio la mwisho, katika kambi ya jeshi ya Koboko, likishindwa, jeshi litabaki na biskuti za kigeni na mradi wangu utafungwa. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Mimi sina uvumilivu, nina ubishi.

Masharti yalikuwa wazi: kila askari na pakiti yake, asigawie mwenzake, tupime alichobakiza. Wakaitikia, "Ndiyo, madamu." Nikaenda garini kuchukua mizani. Niliporudi, pakiti zote zilikuwa zimemwagwa katika beseni moja, na kikosi kizima kimechutama kikila kwa mkono.

Niliwaka. Nilifoka mpaka mlinzi wa lango akaja kuchungulia. Sajini wao, mama wa makamo, akanitazama bila haraka.

"Madamu, wacha kasirika. Hapa mutu hapana kula peke yake kama mugonjwa. Chakula iko tamu. Kaa chini, kula."

Nilikaa kwa hasira. Nikala. Kilikuwa kitamu kuliko nilipokionja peke yangu maabarani, na hapo nikaelewa, kwa furaha, kwamba chakula hakikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa pakiti. Nani, tangu lini, alimfundisha mtu wa kwetu kula kwa kujificha?

Nikarudi kituoni nikashona mfuko mmoja mkubwa, wa kikosi kizima. Wakubwa waliguna, lakini wakakubali kuja Koboko wenyewe kuona. Tukaweka beseni kando ya katoni ya biskuti, askari wachague.

Katoni haikufunguliwa. Mkurugenzi wetu, aliyekuja na kijiko chake mfukoni, alikisahau huko huko akachovya mkono. Alikawia kuutoa kwenye beseni, na sajini akamwambia, "Afande, sogea kidogo, wengine bado."

Akasogea. Kisha akatangaza, mdomo umejaa, kwamba jeshi litanunua chakula changu.

Nikapiga vigelegele katikati ya kambi, bila aibu yoyote.