Neno Ndani ya Bitana

Mtoto wa kaka yangu alishafeli mara mbili mtihani wa kuingia chuo cha ualimu, zote kwa sababu ya msamiati. Ya tatu ndiyo ya mwisho. Chuo hakimpokei mtu mara ya nne. Basi pale dukani kwangu, tunakoshona wawili, akaanza vituko: kila nguo anayoishika anaibandika kwa pini kikaratasi chenye neno gumu. Nguo ikiisha, neno liwe limeshaingia kichwani.

"Mwanangu, hapa ni kwa fundi au maktaba?"

"Kote kote, shangazi."

Mimi na mdomo wangu wote huu, mtoto huyu ananiweza.

Siku moja mteja, mzee mmoja wa suti, akaingia amefura. Kumbe kikaratasi kilishonewa ndani ya bitana ya koti lake! Kila akivuta pumzi, kinamkwaruza kifuani. Amefumua mwenyewe, akakuta neno: mzandiki.

"Ndiyo nini hii?"

Nikamkonyeza mtoto adanganye. Wapi!

"Mtu mnafiki, mwongo," akajibu. "Lakini si wewe, mzee wangu. Nilikuwa nimefika herufi M."

Mzee akajibwaga kwenye kiti. "Mke wangu hajui maana yake, lakini amesema limenikaa vizuri kuliko koti."

Tukacheka wote. Alipotoka tu, nikawaka. Nikapiga marufuku vikaratasi, na mtihani umebakiza wiki tatu. Akavibandua vyote, akaendelea kushona, na utii wake ukanikera kuliko ubishi. Siku ya tatu, napiga pasi gauni langu mwenyewe alilonishonea, nikakuta kikaratasi cha zamani kwenye upindo: ghaidhi. Nikajikaza nisiulize. Nikashindwa.

"Hasira kali," akasema bila kuinua macho. "Hilo nilikuandikia wewe."

"Huna adabu hata chembe!" Lakini nilitaka neno lingine. Nikamwambia alete daftari lake. Tangu hapo mimi nasoma neno, yeye anajibu huku mguu uko kwenye cherehani, na akibabaika moyo unanienda mbio utadhani mtahiniwa ni mimi.

Amefaulu. Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Sasa yuko chuoni, nami najua maneno mia tatu, na mchana kutwa sina wa kumwambia hata moja.