Mpira Uliopenda Miraa

Mpira wangu ulipenda miraa. Nikiupiga kwa draiva, ile fimbo ndefu ya gofu ya kuanzia, ulipaa vizuri kabisa, kisha ukakata kona kulia na kutua katika shamba la miraa linalopakana na uwanja wetu hapa Meru. Na kwa desturi ya kwetu mwanamke haingii kwenye miraa, hata kama mpira ni wake. Basi nilisimama nje ya ua kama mwombaji, nikimngoja mzee mwenye shamba.

"Mwalimu, umetaga tena!" alicheka, karai la mipira yangu mkononi. Alinirudishia mmoja, mingine akabaki nayo. "Hizi ni kodi ya shamba."

Nilichemka! Jumamosi ile timu ya kwenda kushindana Embu ingechaguliwa, na nahodha alishaniambia wazi: nikipiga miraa tena, nitabaki nyumbani.

Dada yangu akaniazima draiva yake mpya. Ugonjwa wangu ulikuwa huu: uso wa fimbo uliufikia mpira ukiwa bado umeelekea kulia, mpira ukazunguka na kwenda huko. Draiva hii ilikuwa na uzito zaidi kichwani, upande ulio karibu na mpini, hivyo ncha ya kichwa iligeuka upesi na uso ukanyooka kwa wakati. Tena uso wenyewe ulitoka kiwandani umeelekea kushoto kidogo. Chuma kinifundishe mimi, mwalimu?

Kilinifundisha. Ila mazoea yana taabu: nilikuwa nimezoea kulenga kushoto ili nikwepe miraa. Mpira wa kwanza wa mazoezi ulikwenda nilikolenga, ukaanguka kwenye jiko la klabu, karibu na sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe yetu ya mchana. Mpishi alinitukana kwa Kimeru, na nilistahili.

Jumamosi nikajilazimisha kuilenga bendera moja kwa moja. Nikapiga. Mpira ukapaa, ukainama kidogo kulia, nikafumba macho. Nilipofumbua, ulikuwa katikati ya majani mafupi. Nilipiga vigelegele mpaka nahodha akaziba masikio.

"Sawa, sawa! Utaenda Embu," akasema.

Mzee alikuwa penye ua wa shamba na karai lake.

"Mwalimu, leo hakuna?"

"Leo hakuna, mzee!"

Kisha akaniinulia karai juu ya ua, limejaa mipira yangu yote, imeoshwa ikang'aa.

"Beba zote," akasema. "Huko Embu mimi sina shamba ya kukuokotea."