Dawa ya Sikio la Baraka

Enzi zetu pale Jane na Finch, mtaa wa wahamiaji huku ughaibuni, hakuna mtoto wa jengo letu aliyehitaji kuambiwa atoke akacheze. Tulikuwa na lifti mbili, moja mbovu daima, na ngazi zilizonukia sombe, yale majani ya muhogo, ya Warundi, kari ya Wajamaika na sabuni ya chumba cha kufulia cha pamoja. Tulicheza kombolela kwenye korido mpaka mlango ufunguliwe na sauti ituite kwa Kiswahili, nasi tuitike kwa Kiingereza. Theluji ikianguka tulivaa makoti ya kupewa kanisani, makubwa kiasi kwamba mdogo wangu Baraka alionekana kama godoro linalotembea.

Mama alikuwa ametoka Uvira miaka michache tu kabla. Asubuhi alisafisha ofisi za watu, jioni alituchemshia ndagala, dagaa wa kwao, na Kiingereza chake kilikuwa na neno moja alilolitumia popote: "Yes." Dereva wa basi akimuuliza anashukia wapi: yes. Mwalimu wangu akimweleza kwamba napiga kelele darasani: yes, huku akitabasamu kwa fahari.

Majira ya baridi fulani Baraka, akiwa mtoto wa miaka minne, alishikwa na homa na maumivu ya sikio. Mama alimpeleka kliniki peke yake, mimi nikiwa shule na Baba kiwandani. Daktari alionyesha sikio, akaandika dawa. Mfamasia naye akaeleza haraka haraka, kisha akauliza kama ameelewa. Mnajua alijibiwa nini.

Ilikuwa dawa ya maji, ya rangi ya waridi, yenye harufu ya stroberi. Mama alimlaza Baraka kwenye kochi, mimi nikaamriwa nimshike miguu, akajaza kijiko na kukimimina chote sikioni. Sikio ndilo lililouma, basi sikio ndilo lililopewa dawa. Asubuhi, mchana, jioni, hakuruka hata mara moja. Mwanzoni Baraka alipiga mayowe, kisha akagundua kwamba tone likishuka shavuni, ulimi unaweza kulifikia. Tangu hapo akawa analala mwenyewe. Kile kidogo alicholamba ndicho pekee kilichokuwa na faida mwilini mwake.

Lakini homa haikushuka. Ikafika siku akakataa hata ugali, akawa amelala tu na macho mazito. Tulirudi kliniki, safari hii nami nikiwamo. Tulimkuta nesi Mkenya, ambaye baadaye tulizoea kumwita Sista Wambui. Akachungulia sikio kwa kile kitochi chake. Akanusa. Akachungulia tena. Kisha akamuuliza Mama kwa Kiswahili dawa anaitoa vipi, na Mama akaeleza kila hatua, kwa sauti ya mtu asiyekosa kazini hata siku moja.

Nilimwona Sista akiuma mdomo wa chini. Hakucheka. Alimwambia taratibu kwamba dawa ile hunywewa.

Mama akainamisha kichwa. "Hakuna aliyeniambia kinywa," alisema. "Waliniambia sikio."

"Basi kosa ni letu, Mama Baraka," Sista akamjibu. "Nami nisije nikakosea kama wao. Hebu nieleze kwa maneno yako, ukifika nyumbani utafanya nini?"

Mama akaeleza, mara ya kwanza kwa aibu, mara ya pili akiwa amenyoosha mgongo. Haikupita wiki, Baraka akawa anakimbia tena kwenye korido.

Mtu mwingine angeificha aibu ile. Mama aliishusha hadi chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo, wanawake walikokutana Jumamosi, akaisimulia mashine zote zikizunguka. Walicheka mpaka Mama Neema, jirani yetu Mrundi, akakalia kapu la nguo. Kicheko kilipotulia, Mama Neema akasema polepole kwamba ile pampu ya pumu ya bintiye, yeye huipuliza chumbani kabla mtoto hajalala, kama dawa ya mbu. Hapo hakuna aliyecheka. Jumamosi iliyofuata kila mama alishuka na dawa zake kwenye mfuko wa plastiki. Sista Wambui naye akaja, akakaa juu ya mashine mbovu, akaeleza dawa moja moja, na mwenye dawa akairudia kwa maneno yake.

Tabu ikawa kwetu nyumbani, maana Mama aliupenda mtindo ule kupita kiasi. Ukitumwa mkate, unaeleza. Baba akionywa kuhusu sukari, anaeleza, kijiko kikiwa hewani. Hata mchungaji, alipotangaza mfungo, alisimamishwa mlangoni aeleze wenye kisukari wafanye nini. Akaeleza.

Siku hizi naishi Richmond Hill, kitongoji cha wenye nafasi, nyumba yenye gereji. Wanangu wakiota chunusi wanaiuliza simu, na simu inawaandaa kwa mazishi. Nikiwasimulia habari hii wananijibu kwa Kiingereza kwamba Bibi angesoma tu maelezo. Baraka, ambaye sasa ana kitambi, husema hajaonja tena stroberi tamu kama ile.

Majira ya baridi yaliyopita kitinda mimba wangu alipata homa. Nilisimama jikoni, nikasoma karatasi ya dawa mbele na nyuma, nikaelewa kila neno. Bado nikajikuta nimefungua mlango wa mbele, chupa mkononi, kama mtu anayetafuta korido, na jirani wa kumweleza. Nje kulikuwa na theluji, na taa za majirani nisiowajua majina. Nikasimama pale kidogo, kisha nikafunga, baridi isije ikamfikia mtoto.